Kamba ya Mti Haifungi Ng'ombe

Nimestaafu. Mkanda nimerudisha, kofia ngumu nimerudisha, na kulabu za chuma nimezirudisha mbele ya watu ili asije mtu akasema. Filimbi nimebaki nayo kwa sababu hakuna aliyeiulizia. Ninyi vijana mliobaki na kamba mmeniomba niandike kazi ilikuwaje, na najua mnasubiri ushujaa. Sina. Nimepandisha watu kwenye miti ya Bukima, Guta na Butiama mpaka magoti yakakataa, na sikumbuki asubuhi hata moja niliyoamka kwenda kazini bila hofu tumboni. Hiyo hofu ndiyo nataka kuwaandikia. Vifaa mnavyo tayari.

Kusoma sijasoma sana. Niliishia darasa la nne, baba akasema mashua haivutwi kwa kalamu. Kwa hiyo maandishi yangu mtayavumilia. Ila kwenye mafundo hakuna wa kunifundisha kati yenu, na anayebisha aje nyumbani Kigera na kamba yake.

Nilizaliwa Bukima, kando ya ziwa. Sisi wanawake tulikuwa tunaanika dagaa juu ya miamba, na mashua zikirudi tunashika kamba kuzivuta nchi kavu. Kupanda mti haikuwa kazi yetu. Bibi yangu alikuwa anasemaga mwanamke akipanda mti, mti unakauka. Nikapanda mpera wake nikiwa mdogo, nikachapwa, na mpera ukaendelea kuzaa. Tangu siku hiyo nikajua maneno ya wakubwa mengine ni ya kupima kwanza.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni Mzee Manyama, fundi wa kukata matawi kutoka Butiama. Alikuwa mwembamba, anatembea kama ardhi inamchoma. Alikuja Bukima kukata matawi ya mkuyu yaliyokuwa yameegemea bati la darasa, na mtu wake wa kushika kamba chini hakutokea. Akawaomba wanaume waliokuwa ufukweni. Wakasema wanashona nyavu. Nikasema nitashika mimi.

"Wewe mama, tawi likikatika litaruka na wewe," akaniambia.

"Nimeshika mashua ziwa likiwa limechafuka. Tawi ni nini?"

Nikaizungusha kamba kwenye shina kama tunavyofanya kwenye jiwe mashua ikiwa nzito, ili shina libebe uzito na mimi nibebe kidogo tu. Tawi likashuka polepole mpaka chini, bati halikuguswa. Mzee Manyama akaniambia nirudi kesho yake.

Lakini kilichonishangaza mimi siyo tawi. Kabla hajapanda nilimwona ameenda nyuma ya darasa, ameinama, anatapika. Nikamfuata.

"Mzee, una malaria?"

Akajifuta mdomo. "Nina akili," akasema, akaenda kuvaa mkanda.

Alikuwa anatapikaga kila asubuhi ya kazi. Miaka yote niliyofanya naye. Watu walimcheka.

Siku za kwanza hakunipandisha. Alinikalisha chini ya mti na kipande cha kamba, akanifunga macho kwa khanga yangu mwenyewe. Akasema kipande hicho kiliwahi kubanwa na jiwe, nitafute ni wapi. Kamba ya kupandia siyo kama katani mnayofungia mbuzi. Ina ngozi kwa nje, na ndani ina nyuzi zinazobeba, tuseme ni matumbo yake. Ngozi inaweza kuwa safi inang'aa, na matumbo yamekatika. Nikapitisha vidole mara ya kwanza, sikuona kitu. Mara ya pili, sikuona kitu. Nikamwambia ananidanganya. Akasema pitisha. Jua lilikuwa limeshahama kivuli nilipokuta pale mahali. Palikuwa pameingia ndani kidogo, laini, kama fizi iliyotoka jino.

"Macho yanadanganywa na rangi," akasema. "Vidole havijui rangi. Kila kamba, kila asubuhi, yote, hata kama imenunuliwa jana."

Sasa, hii ya kupanda miti kwa starehe ilikuja baadaye. Mtu mmoja wa Bunda alikuwa ameona huko alikosafiri watu wazima wanavalishwa mikanda, wanapanda mti kwa kamba, wanakaa juu wanaangalia, wanashuka, wanafurahi. Akaja kwa Mzee Manyama kuomba amfundishie watu. Mzee akanichukua na mimi. Pale stendi ya Bunda walitucheka mpaka machozi. Mwendesha bodaboda mmoja akasema: "Kumbe ukipanda mti bure unaitwa nyani, ukilipa unaitwa mtalii." Nilicheka na mimi. Bado naona alisema kweli.

Lakini walikuja. Walimu, wanakwaya, maharusi wanaotaka picha, watu wa ofisini kutoka Musoma. Tulikuwa na mkuyu Bukima, mkwaju Guta, na ule mvule mkubwa wa Butiama ambao kwanza tulikwenda kuwaomba wenye shamba, maana mti una wenyewe. Jinsi tunavyofanya mnajua, ila naandika kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Unarusha uzi mwembamba wenye kifuko cha risasi, risasi zilezile za nyavu, upite juu ya tawi nene lililo hai. Uzi unavuta kamba. Tawi unalivisha ngozi ili kamba isilichune. Ncha moja ya kamba inafungwa kwenye mkanda wa anayepanda, wenye pia kamba fupi ya kujifungia kwenye shina. Upande wa pili unashuka mpaka kwenye lile fundo la kushika lililo kwenye mkanda huohuo, ambalo ukilikalia linabana na ukilisukuma kwa mkono linaachia. Mtu anapanda kwa kulisogeza fundo juu, anakaa, anasogeza, anakaa. Kamba aliyokwisha kuipita inaning'inia chini yake, na mtu wa chini anaishika. Kushuka ni njia ileile, fundo linarudi chini kwenye kamba ileile. Hili la mwisho mlikumbuke, nitalirudia.

Kesi ya kwanza ngumu ilikuwa Guta. Bwana mmoja mhasibu alipanda mkwaju kwa kelele nyingi, anapiga picha, anaita wenzake waoga. Alipofika juu akaangalia chini. Basi akalikumbatia tawi, akafumba macho, na hakuna maneno yaliyoingia tena. Mimi chini nikapiga kelele, "Legea! Tulia! Shusha mguu! Shika fundo!" Mzee Manyama akaniziba mdomo kwa kiganja chenye utomvu.

"Mtu mwenye hofu hana kichwa," akaninong'oneza, "ana mikono tu. Mpe mkono mmoja kazi moja. Na usimdanganye. Aliye juu akijua umemdanganya, hatakusikia tena."

Akaita: "Kaka, mkono wa kulia. Gusa kofia yako." Kisha mkono ukatoka kwenye tawi ukagusa kofia. "Sasa uuweke kwenye fundo." Ikawa hivyo, mkono kwa mkono, mpaka miguu ikagusa chini. Yule bwana akaondoka bila kuaga. Simlaumu.

Mzee Manyama alikuja kuacha kwa sababu ya miguu kuvimba. Alifia nyumbani kwake, kitandani, chini kabisa, kama alivyokuwa anaombaga. Nikabaki mimi kuongoza, na nikapewa msaidizi, Masatu, kijana wa Guta aliyetoka kwenye uvuvi. Ule mkono wake wa kurusha nyavu ulikuwa haukosi tawi. Mafundo alijua. Adabu alikuwa nayo. Kilichonisumbua kwa Masatu ni kimoja tu, alikuwa haogopi. Anapanda anapiga mluzi. Nilimwambia, akasema, "Mama Magesa, kwani mti unauma?"

Sasa nawaambia ile siku ya Butiama.

Kwaya ya kanisa moja ilikuja na mchungaji wao. Watu wa furaha, wamebeba sufuria za pilau na soda. Mke wa mchungaji, Mama Neema, alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, na alisema wazi atatangulia yeye. Mchungaji akasema, "Mama, mti wenyewe umeulizwa?" Watu wakacheka. Mama Neema akamjibu, "Wewe kila Jumapili unatuambia tupande juu. Leo napanda, unaogopa nini?"

Kamba mbili tulikuwa nazo. Moja yangu, imelala kwangu kwenye mfuko. Nyingine alikuwa akiilaza Masatu kwake Guta, kwa sababu ndiye aliyetangulia kwenye miti kutayarisha. Kila mmoja alikuwa anapekua kamba yake. Asubuhi ile mimi nilikuwa nazunguka mvule naangalia matawi makavu na nyuki, Masatu akatoa ya kwake. Ilikuwa imekunjwa vizuri kuliko siku zote, nyeupe, inanukia sabuni. Nikamuuliza umeipitia? Akasema, "Nimeiangalia, Mama." Akaipandisha.

Mama Neema alipanda vizuri, nasema ukweli. Anasogeza fundo, anakaa, anahema, anatukana kidogo halafu anaomba msamaha kwa Mungu. Wanawake wa kwaya wakawa wanamtania: "Mama Neema, umefika mbinguni? Tusalimie Petro!" Na yeye huko juu: "Petro anasema mfunge nyie midomo, mnapiga kelele getini kwake!" Mimi nilikuwa chini yake nimeshika ile kamba inayoning'inia, naivuta kidogo kidogo kumsaidia fundo lisogee. Inashuka kupitia mikononi mwangu. Na nilikuwa nacheka. Hilo nalikumbuka, kwamba nilikuwa nacheka.

Kidole gumba kikazama.

Sikuelewa mara moja. Nikarudi nyuma kiganja kimoja, nikapitisha tena polepole. Fizi iliyotoka jino. Ngozi ya kamba nzima, safi, nyeupe. Ndani hamna kitu, kama unabana mrija wa mpapai.

Nikaangalia juu. Mama Neema alikuwa ameshafika lile tawi nene anakaa kama yuko sebuleni kwake. Ile sehemu mbovu alishaipanda. Ilimbeba akiwa katikati ya mti, kwa uzito wake wote, na yeye anatania habari za Petro, na ikashika. Sasa ilikuwa chini yake, na kule juu alikuwa amekalia sehemu nzima ya kamba. Ila njia ya kushuka ni ileile moja. Fundo lingerudi mpaka pale, akalikalia, na mimi sikujua kama pangeshika mara ya pili. Hakuna anayejua kitu kama hicho.

Na upande wa ziwa kulikuwa na wingu. Mnalijua wingu la namna ile, jeusi kwa chini kama sufuria. Likanguruma. Mti mrefu pale kijijini ndio huo huo aliokalia mwanamke wa watu.

"Nashuka, jamani!" Mama Neema akaita. "Mvua hiyo!"

Nikapuliza filimbi, nguvu zangu zote. Kila mtu akanyamaza.

"Mama Neema. Mkono wa kulia. Utoe kwenye fundo."

"Nimeutoa. Kwa nini?"

"Shika ile kamba fupi ya kiunoni. Izungushe kwenye shina, ufunge kulabu. Nataka nisikie ikilia."

Ikalia, ta. Akauliza tena, sauti ya chini sasa: "Mama Magesa, kuna nini?"

Mchungaji alikuwa amesimama karibu yangu. Ameona uso wangu. Akaninong'oneza, "Mwambie ni mvua tu. Mwambie asubiri mvua." Alikuwa anataka kumhurumia mke wake, namwelewa. Mimi mwenyewe ulimi ulikuwa umeshaanza kusema hivyo. Lakini nikakisikia kile kiganja cha Mzee Manyama kwenye mdomo wangu.

"Kamba yako ina kidonda," nikamwambia. "Kiko chini yako. Hapo ulipo hapana kidonda. Usishuke. Nakuja mimi na kamba nyingine."

Kisha Mama Neema akasema, sauti ya mtoto kabisa: "Njoo basi."

Nikamgeukia Masatu. Alikuwa amesimama kama mti uliokatwa ambao haujaanguka.

"Masatu. Hii kamba juzi ililala wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Ililala, au ilitembea?"

"Shemeji yangu alikuja. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameletwa, dume likakata katani, linakimbia kwenye mashamba ya watu. Wazee wamekaa, Mama, wageni wamekaa. Akaniomba kamba. Ningesema nini?"

"Dume mkalifunga wapi?"

"Kwenye jiwe. Likashinda linalizunguka, linavuta." Akaanza kulia. "Mke wangu aliifua kabla sijaikunja."

"Imefuliwa vizuri," nikamwambia.

Ndivyo ilivyokuwa. Nimewaandikia kama alivyosema. Huku kwetu jirani akija kuomba kamba, humuulizi ya nini, unampa. Akija na mambo ya mahari ndiyo kabisa, kumnyima kamba ni kama umeikataa ndoa yenyewe. Masatu hakufanya ubaya. Alifanya kile ambacho mama yake angemfundisha afanye. Na jiwe la Mara mnalijua, lina meno.

Nikachukua kifuko cha risasi nirushe uzi. Wa kwanza ukagonga shina. Wa pili ukaenda kwenye majani. Wanakwaya kwa kutaka kusaidia wakaanza wimbo, polepole, wa huzuni, na kule juu Mama Neema akapiga kelele: "Huo ni wa mazishi! Badilisheni!" Wakabadilisha. Mimi hapo nilikuwa karibu na kulia na karibu na kucheka, sijui kipi kilikuwa karibu zaidi.

Nikampa Masatu kifuko. "Tupa."

"Mama, siwezi. Mikono inatetemeka."

"Sasa ndiyo inafaa. Mkono wa kulia, Masatu. Tupa."

Akatupa. Uzi ukapita juu ya tawi palepale nilipotaka, kama unaingia kwenye tundu la sindano. Tukavuta kamba yangu. Nikaipitisha yote vidoleni, huku mchungaji ananiambia haraka haraka, na mngurumo unakuja, na sikuharakisha hata kiganja kimoja. Yeye aliona nachelewesha. Ningekuwa yeye na mimi ningeona hivyo. Nikamwambia awapeleke watu wote kwenye magari, mbali na mti, na aliyeshika simu anapiga video aiweke chini kabla sijaitupa ziwani, na ziwa liko mbali.

Nikapanda. Magoti yalikuwa yanalia kuliko kulabu. Nilipomfikia Mama Neema alikuwa amelikumbatia shina, shavu limebandikwa kwenye gome, macho wazi.

"Mama Magesa, wewe huogopi?"

"Naogopa mpaka kwenye meno."

Akavuta pumzi. "Afadhali. Nilidhani niko peke yangu."

Nikajifunga kwa kamba yangu fupi kwenye shina. Nikamvalisha kamba yangu ndefu, ncha kwenye mkanda wake, fundo jipya, nikabana kulabu, nikazisokota kufuli zake, nikamwambia asokote na yeye ajionee kwamba zimekaza. Ndipo nikamfungua kwenye ile ya dume. Mwisho kabisa nikamwambia afungue ile fupi yake. Mkono wa kushoto, kazi moja. Mkono haukutaka. Nikamwekea wa kwangu juu yake, tukafungua pamoja.

"Sasa kalia."

"Nikikalia ikakatika?"

"Nimeipitisha mikononi, yote. Siwezi kukuapia zaidi ya hapo."

Akaniangalia. Halafu akakalia. Kamba ikalia kidogo kwenye tawi, ikashika. Akashuka polepole, matone ya kwanza yanampiga kofia, hasemi utani hata mmoja.

Nikabaki peke yangu kule juu, na kipande kifupi cha kamba kiunoni, nasubiri kamba yangu irudi. Hapo ndipo niliogopa kuliko maisha yangu yote. Wakati mtu yuko mkononi mwako hofu ina kazi ya kufanya. Akishaondoka, inakugeukia wewe. Upepo ukauchukua mvule, na mti mkubwa ukisogea ukiwa umeukalia, unajua kwamba wewe ni jani. Radi ikapiga upande wa ziwa. Nikamkumbuka bibi yangu, kwamba mwanamke akipanda mti, mti unakauka. Nikasema bibi, leo siyo mti utakaokauka.

Mama Neema akagusa chini, Masatu akamfungua, nikavuta ncha mpaka kwangu. Nikaanza kuipitisha vidoleni. Masatu chini anapiga kelele, "Mama, ni kamba yako! Umeipitia sasa hivi! Shuka!" Mvua inanipiga machoni, sioni kitu, na kwa kweli sikuhitaji kuona. Nikaipitisha yote niliyoweza kuifikia. Nikajifunga. Nikashuka. Nilipofika chini nikakaa kwenye tope kama mtoto.

Mvua ilipokatika mchungaji akataka kujua. Mimi sikutaka. Lakini ile kamba tulikuwa tumeshaivuta chini, na wanaume wa kwaya wakafunga upande mmoja kwenye kisiki, wakashika upande wa pili, ile sehemu laini ikiwa katikati. Wakavuta kama mashindano ya Sabasaba. Mmoja akasema, "Haikatiki hii, Mama Magesa anatutisha." Wakajipanga tena, wakavuta. Ikakatika bila hata sauti kubwa. Kundi zima likaanguka chali kwenye tope, wakaanza kucheka kwa jinsi walivyolundikana, mmoja kamkalia mwingine tumboni. Halafu kicheko kikaisha, kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine, maana walimwona Mama Neema ametoka kwenye gari, amesimama na khanga mabegani, anaiangalia ile ncha.

Mtu atasema wanaume wengi vile wana nguvu kuliko uzito wa mwanamke mmoja. Ni kweli. Na mimi nimejiambia hivyo mara nyingi. Haijanisaidia.

Mama Neema akamwendea Masatu. "Dume lilifika salama?"

"Lilifika, Mama."

"Mwambie shemeji yako dume nimelisamehe. Wewe bado nakufikiria."

Wiki ile Masatu akaja kwangu Kigera kuaga, anataka kurudi ziwani. Nikamwambia akiondoka nitalazimika kutafuta mtu mwingine asiyeogopa, na mmoja alinitosha. Nikampa kamba ya katani, mpya, nene. Nikamwambia itundike mlangoni kwako. Jirani akija, mpe hiyo, kwa mikono miwili na kwa moyo mweupe. Ndiyo maana kila mmoja wenu siku ya kwanza nilimpa kamba ya katani kabla ya kofia, mkanicheka kwamba bibi anatufundisha kuchunga. Sikutaka kuwafundisha kunyima watu kamba. Hamtaweza, na mkiweza mtakuwa watu wabaya. Nilitaka muwe na ya kutoa.

Siku tuliyorudi kazini tulikwenda Guta, kwenye mkwaju. Masatu nikamkosa. Nikamkuta nyuma ya gari, ameinama, ameshika goti, anatapika chai yote.

"Una malaria?" nikamuuliza.

Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Hakumjua Mzee Manyama, na mimi nilikuwa sijawahi kumsimulia.

"Hapana, Mama," akasema. "Nafikiria ile kamba."

Sasa ndiye kiongozi wenu, na nasikia mnamcheka. Nasikia mnasema mzee wetu kila asubuhi lazima aende nyuma ya gari, tumbo lake bovu, anunuliwe dawa. Mwacheni na tumbo lake. Mkishavaa mikanda, kabla ya mtu yeyote kugusa kamba, msubirini kwanza aende arudi. Na asubuhi mtakayoona haendi, vueni mikanda, mrudi nyumbani.